Wiki ya Mwisho ya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mhudumu wa usafi hospitalini. Kila asubuhi alipiga deki wodi ya wanawake, akabadilisha shuka, akatoa taka. Wagonjwa walimpenda, maana alijua kuwachekesha bila kuwachosha. Kwa mgonjwa aliyelalamika sana alisema, "Tulia, dada. Mwenzio nimezaa wawili kwa mpigo na bado napiga deki."

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi mwashi, na mapacha wao wa kike waliokuwa wameanza shule. Tangu amalize sekondari, Mama Pacha alitamani kuwa muuguzi. Mwaka ule chuo cha uuguzi kilitangaza mtihani wa kujiunga. Kilitangaza pia kwamba kuanzia mwaka unaofuata hakitapokea watu wa umri wake. Akikosa sasa, ndiyo basi tena.

Alijiandikisha, akaanza kusoma. Alisoma akisubiri sakafu ikauke. Alisoma akipika, alisoma akiwasuka watoto nywele. Mumewe alimtengenezea meza ya mbao, akaiweka karibu na dirisha. Mtu angetegemea kumsikia Mama Pacha akinung'unika kwa uchovu, lakini hakunung'unika hata mara moja.

Wiki ya mwisho ilipofika, hofu ikampanda. Aliona kama hajui kitu. Akaazima vitabu vipya ambavyo hakuwahi kuvigusa. Alirudia ukurasa mmoja mara nyingi, akapiga mistari kwa wino mwekundu mpaka kitabu kikaonekana kama kimejeruhiwa. Usingizi akaupunguza. Chakula akakisahau. Mumewe alipomwomba apumzike, alimjibu kwamba atapumzika baada ya mtihani.

Siku moja kazini alisinzia akiwa amesimama, akaangusha ndoo ya maji katikati ya wodi.

Sista, muuguzi mkuu wa wodi ile, hakumfokea. Alimsaidia kukausha maji, kisha akamwita chumba cha wauguzi na kumpa kiti. Mama Pacha akamweleza yote. Sista akamwomba kitabu alichokuwa nacho. Akakifungua, akatazama kidogo, akakifunga.

"Nieleze damu inavyotoka moyoni mpaka inarudi," alisema.

Mama Pacha alikuwa amesoma ukurasa huo asubuhi ile ile. Alianza vizuri. Alipofika kwenye mapafu, akakwama.

"Nilikuwa naijua, Sista," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ulikuwa unaitambua ukiiona. Kujua ni kuweza kuieleza kitabu kikiwa kimefungwa. Kwenye chumba cha mtihani hutakuwa na kitabu."

Kisha Sista akamweleza taratibu jinsi ya kutumia siku zilizobaki. Arudishe vitabu vipya, maana huu si wakati wa kuanza mambo mageni. Atafute maswali ya mitihani iliyopita, ayajibu huku akipima muda kwa saa, kama vile yuko mtihanini. Akikosea swali, arudi kusoma sehemu hiyo tu, afunge kitabu, aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Asome kwa muda mfupi, apumzike, aendelee. Ale vizuri, na alale.

"Nikilala, Sista, nani atasoma?"

"Ukilala, kichwa kinapanga ulichosoma. Ukikinyima usingizi, ni kama kuhamia nyumba mpya na kurundika vyombo vyote mlangoni. Vimo, lakini utavipataje?"

Mama Pacha akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jioni hiyo alimpa mumewe kazi mpya. Mume alishika kitabu, mke akaeleza. Fundi yule aliishia shule ya msingi, na hakuona haya kusema pale asipoelewa.

"Hapo umenipoteza, Mama Pacha. Rudia polepole."

Naye alirudia mpaka mumewe akaelewa. Alipofika kwenye figo, alichukua chujio la chai akawaonyesha mapacha jinsi damu inavyosafishwa. Kesho yake fundi aliwaeleza mafundi wenzake habari za figo wakati wa mapumziko. Wakaanza kumwita Daktari, naye hakulikataa jina hilo.

Kwa ushauri wa Sista, siku moja kabla ya mtihani mume na mke walikwenda kuona mahali utakapofanyika. Walifika chuoni, mlinzi akaitazama kadi ya mtihani. Akawaambia kwamba hilo ni jengo la zamani. Mtihani ungefanyika jengo jipya, upande mwingine wa mji. Walitazamana, wakashukuru, wakapanda basi lingine. Walilipata jengo, wakauona ukumbi, wakajua hata vyoo viko wapi. Jioni Mama Pacha aliweka kwenye mkoba kitambulisho, kadi na kalamu za kutosha. Vitabu hakuvigusa tena. Alilala mapema.

Asubuhi alikunywa chai, akala, akafika kabla ya milango kufunguliwa. Swali la kwanza lilimshinda. Moyo ukamwenda mbio. Akashusha pumzi, akasoma karatasi yote, akaanza na maswali aliyoyaweza. Alipokuwa ameshajibu kadhaa, kijana mmoja aliingia akihema, jasho likimtiririka. Alikuwa amekwenda jengo la zamani. Mama Pacha alimhurumia, kisha akainamisha kichwa akaendelea. Mwishoni alirudi kwenye lile swali la kwanza. Sasa hofu ilikuwa imepoa, akaona kwamba nusu yake anaiweza. Akaandika hiyo nusu.

Matokeo yalipobandikwa chuoni, fundi alikwenda naye. Mama Pacha hakuthubutu kusogea ubaoni. Mumewe ndiye aliyesogea, akapitisha kidole chake chenye saruji juu ya majina, polepole, mpaka kikasimama. Aligeuka akicheka, akamwita aje alione jina lake.

Siku iliyofuata Mama Pacha alifika wodini kama kawaida, akachukua ndoo na ufagio. Sista alimuuliza habari za mtihani. Alipojibiwa, aliweka kalamu mezani, akasimama wima mbele ya wauguzi wote, akampa mkono.

"Karibu," alisema. "Karibu, muuguzi mwenzangu."