Posa Iliyochelewa Siku Moja

Ashkar Koya alianza kumpenda Tansira kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu siku walipokutana yeye alikuwa ndani ya mtaro.

Zilikuwa zimebaki siku mbili Idi ifike, na Mtaa wa Mithai pale Kozhikode, kusini mwa India, haukuwa na mahali pa kutia mguu. Wauza halua walikata vipande vyekundu na vya kijani bila kupumzika, akina mama walibishana bei za viatu, na huku mwisho wa mtaa, kwenye kata yetu ya Chelakkulam, mtaro ulikuwa umefurika maji meusi. Wafanyakazi wa jiji hawakuonekana. Ashkar, fundi wa mafeni na mashine za kusagia viungo, alikunja msuli wake hadi magotini akaingia mwenyewe na koleo. Koleo la tatu la tope alilirusha juu bila kutazama.

Alipoinua kichwa aliona viatu vya kamba za dhahabu, kisha suruali ya hariri ya bluu, kisha furushi la satini rangi ya papai lililochafuka katikati. Mwisho kabisa akauona uso. Ulikuwa umekasirika, na hasira ilimpendeza mno.

"Hii ni nguo ya bibi harusi," alisema Tansira. "Anaolewa Jumapili."

"Samahani, dada. Nipe niifue."

"Wewe? Hebu jitazame kwanza."

Ashkar aliichukua hata hivyo, akaifua mara tatu, akaitia na dawa ya kung'arisha, na kesho yake akairudisha ikiwa na rangi ya majivu. Tansira alilazimika kutafuta satini nyingine na kushona mkesha wote wa Idi. Alimwambia abaki na mitaro yake, nguo awaachie wenyewe. Idi ilipopita, Ashkar alikuja dukani anakoshona Tansira kuuliza kama yule bibi harusi ameolewa salama. Alipojibiwa ndiyo, akauliza kama kuna mwingine anayehitaji kuharibiwa nguo. Tansira alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, na hapo naye akawa ameshanaswa.

Kwa miezi kumi na minne waliishi kwenye simu. Ashkar alimpigia saa ya chakula cha mchana, Tansira akiwa kwenye cherehani, na mazungumzo yao wenye duka walikuwa wameshayajua kwa moyo.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na samaki."

"Bila mimi?"

"Ungekuwepo, ningekula nini mimi?"

Mambo ya posa Ashkar hakuyagusa, na Tansira hakuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, katibu wa kikundi cha akina mama washonaji, mwenye maringo yake. Hakutaka kuonekana anaomba.

Sasa habari ya kata. Kila mtu Chelakkulam alijua kwamba uchaguzi wa jiji ukifika, Chama chake kitamsimamisha Ashkar agombee udiwani. Kwa miaka mitano alikuwa amezibua mitaro, amefuatilia taa za barabarani, amewapeleka wagonjwa hospitali. Kilichobaki kilikuwa kumpigia kura tu. Lakini nusu ya kata za jiji hutengwa kwa wanawake, na kata zipi, huamuliwa kwa bahati nasibu. Alhamisi moja ya Oktoba bakuli lilitikiswa, na Chelakkulam ikatoka. Safari hii hakuna mwanamume atakayegombea kwetu.

Ijumaa, mara tu baada ya swala, Ashkar alifika nyumbani kwa akina Tansira na wazee wawili, pamoja na mjomba wake Moidu aliyekuja kutoka Muscat, na sinia la halua. Bi Kulsu, mama yake Tansira, alifurahi hadi akasahau ushungi jikoni. Kwetu bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe, ingawa posa huletwa na upande wa mume, na Bi Kulsu alikuwa ameshamchagulia chumba cha ghorofani kinachoelekea bwawani. Tansira alikuwa chumbani anavaa gauni la kijani la shingo ya nakshi, simu ilipolia.

Alikuwa mpiga chapa wa mabango. Katibu wa Chama, Hamsa, amemwagiza achukue picha ya dada. Ile ya kitambulisho haifai, wanataka anayotabasamu.

"Picha ya nini?"

"Ya mgombea, dada. Si wewe ndiye unayeolewa na Ashkar?"

Tansira alikaa kitandani. Alitazama gauni lake la kijani kama ni la mtu mwingine. Kisha akampigia Ashkar, aliyekuwa amekaa sebuleni upande wa pili wa ukuta ule ule, akamwambia atoke barazani, waongee kwa simu hivyo hivyo.

"Uliamua lini kuniposa?" aliuliza.

"Zamani, Tansi."

"Zamani ni jana jioni?"

"Mbona hivyo? Nini kimetokea?"

"Mpiga chapa anataka nitabasamu. Ungekuja Jumatano, Ashkar, ningekuvua viatu kwa mikono yangu. Umekuja Ijumaa. Alhamisi ndiyo iliyokuleta."

"Wallahi sijui habari ya bango lolote."

"Mpiga chapa anajua jina langu na namba yangu, wewe hujui?"

"Nisikilize kidogo tu. Mjomba..."

"Kama kata inataka jina la mwanamke, mimi ninalo, na ni langu. Halihitaji kuazimwa na mume."

Akakata simu. Wazee waliondoka na halua yao, na Bi Kulsu alilia huku anaosha vikombe ambavyo havikunywewa.

Ukweli ni kwamba Ashkar hakujua. Hamsa alisikia tu msikitini kuwa kijana anakwenda kuposa, akaona Mungu ameleta mgombea mikononi, akakimbilia kwa mpiga chapa bila kumuuliza mtu. Nia yake haikuwa mbaya, ila alikuwa mmoja wa wale watu ambao mdomo wao hufika kabla ya miguu.

Fomu zilipoanza kutolewa, Tansira alichukua ya mgombea binafsi. Washonaji wenzake ishirini walimsindikiza, na alama aliyoichagua ilikuwa cherehani. Chama nacho kilimbana Ashkar alete mwanamke, yeyote, mradi wa kwao. Alikataa kutaja jina hata moja. Mwishowe walimfuata dada yake mkubwa, Rasiya, mwalimu wa chekechea, naye akakubali. Ndugu hamtupi dada yake. Ashkar alishika vipeperushi akaanza kugonga milango.

Alimpigia Tansira simu mara kumi na moja, zote hazikupokelewa. Baadaye akaacha. Tansira, ambaye kuita kwa simu kulikuwa kunamkera, alikereka zaidi ilipokuwa kimya.

Wiki ya mwisho ya kampeni zamu ya kugonga mlango ilifika kwa Bi Kulsu. Ashkar alisimama kizingitini na picha ya dada yake mkononi, hajui aseme nini. Bi Kulsu alimvuta ndani.

"Keti ule, mwanangu. Uchaguzi hauozi."

Akamwekea ndizi mbivu zilizojazwa nazi na sukari, za moto, akasimama kumwangalia anavyotafuna. Hapo Tansira akaingia, jasho usoni, ushungi mweupe umekaa upande, sauti imekauka kwa kuhutubia vibarazani. Walitazamana. Ashkar alimeza ndizi nzima.

"Mtaro wa nyuma ya msikiti una mizizi ndani," alisema mwishowe. "Ukishinda, usikubali wasafishe juu juu. Wachimbe."

"Na mkishinda nyie?"

"Dada nimeshamwambia."

Akaaga kwa adabu akaondoka. Tansira alibaki amesimama pale pale. Alitaka kukasirika, akatafuta sababu, hakuipata upesi.

Siku ya kuhesabu, ukumbi wa shule ulijaa mawakala wa wagombea. Mashine ya mwisho ya kupigia kura ilipofunguliwa, afisa alisoma matokeo, akayasoma tena, akavua miwani. Tansira kura 1,907. Rasiya kura 1,907. Mgombea wa tatu alikuwa mbali huko nyuma, anakunywa soda. Wakarudia kuhesabu, namba zikakataa kubadilika. Ikabidi iamuliwe kwa bahati nasibu, na afisa akaomba saa moja ya kuandaa karatasi zake.

Wagombea wawili walijikuta kwenye benchi moja la watoto wa shule, magoti yamefika kidevuni. Rasiya alimimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, akamsogezea Tansira nusu. Walikunywa. Kisha Rasiya akasema kwamba kuna jambo limemkaa kifuani miezi miwili, na Ashkar alimkataza kulisema kabla ya kura, lisionekane ni ujanja. Sasa kura zimekwisha.

"Mjomba Moidu hapatikani kirahisi," alisema. "Wale kule Muscat humpa likizo kila baada ya miaka miwili. Hii ya sasa aliiomba mwezi wa Ramadhani. Fomu niliijaza mimi, maana yeye macho hayaoni vizuri. Sababu ya likizo niliandika: ndoa ya mpwa wangu. Na siku ya posa alikuwa ameshaipanga Ashkar, Ijumaa ile ile, akanikataza nisikwambie maana alitaka ushtuke."

"Ramadhani?"

"Ramadhani. Nani alijua wakati ule kwamba kata itakuwa ya wanawake? Hata bakuli lilikuwa halijanunuliwa."

Tansira aliweka kikombe chini. Alikumbuka maneno aliyomwambia Ashkar kwa simu pale barazani, neno kwa neno, na kila moja lilimchoma. Aliona aibu kubwa, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alishika mkono wa mpinzani wake, na mawakala wa pande zote mbili wakaangaliana wakidhani kuna makubaliano.

Afisa aliandika majina mawili, akayakunja sawasawa, akayatia kwenye boksi, akalitikisa mbele ya macho yetu sote. Alitoa moja. Lilikuwa la Tansira.

Washonaji walipiga kelele zikasikika hadi bwawani. Rasiya alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia karibu kwenye mitaro. Nje, getini, Ashkar alikuwa amesimama na watu wa Chama. Alimpongeza kwa sauti ya kawaida, kama anavyompongeza diwani yeyote, akageuka akaondoka na dada yake.

Asubuhi yake Tansira alimpigia. Simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Nisamehe," alisema. "Dada yako ameniambia habari ya likizo."

"Nilishakusamehe. Siku ile ile, barazani kwenu."

"Basi njoo."

"Siwezi, Tansi. Juzi ningekuja mbio. Leo wewe ni diwani. Nikija, watasema ninafuata kiti, na siku moja, tukigombana kwa jambo dogo tu, na wewe utawaza hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hunitaki."

"Nakutaka mpaka chakula hakipiti. Lakini siji."

Tansira alifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Mjomba anarudi lini Muscat?"

"Jumapili."

"Mwambie Jumamosi alasiri asitoke."

Jumamosi hiyo kata ilishuhudia jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Bi Kulsu alitangulia, amevaa shuka lake jeupe la harusi za wengine. Nyuma yake walikuja washonaji ishirini na masinia. Na katikati, mahali ambapo mwanamwali hapaswi kuwepo hata kidogo, alikuwa Tansira mwenyewe, kwenye gauni la zari la rangi ya zafarani alilolishona kwa siku tatu, macho mbele, shingo imenyooka. Watu walitoka vibarazani. Wengine tulifuata, kwa nini tuseme uongo.

Mjomba Moidu alifungua mlango, akatazama umati, akajifunga msuli upya. Ashkar alikuwa nyuma yake, mikono ina grisi ya feni.

Kwa desturi wazee ndio huongea. Bi Kulsu alifungua kinywa, Tansira akamgusa bega.

"Niache, mama. Nimemkosea mimi."

Akamgeukia Ashkar.

"Nilikuhukumu kwa kalenda," alisema. "Wewe ulikuwa na haki ya kunisema, na hukunisema. Nimegonga kila mlango wa kata hii, na kila mlango nilikukuta umeshapita. Nilitega masikio nisikie umeniharibia wapi. Hakuna. Hata Bi Ayishabi, nilipogonga kwake, ameniambia ulimwombea dada yako kura, kisha ukasema na yule mwingine ni mtu mzuri. Ahsante. Sikuwahi kushukuru mtu kama ninavyokushukuru wewe."

Ashkar alimpita mjomba wake akasimama kizingitini.

"Ulisema huwezi kuja kwa sababu ya kiti. Ni kweli, ukija wewe watasema. Ndiyo maana nimekuja mimi, na nasema mbele ya watu wote hawa wasije wakasahau. Kiti ninacho. Ninachokosa ni mume. Ashkar Koya, nimekuja kukuposa."

Bi Kulsu alikuwa ameshika sinia kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe. Mjomba Moidu alimtazama mpwa wake, kwani posa hii jibu lake hakufundishwa na mtu.

Ashkar alijifuta mikono kwenye msuli, akaitazama, akaona bado ni michafu, akaiacha hivyo hivyo. Machozi yalimtiririka wala hakuyaficha.

"Basi nichukue, Tansi," alisema.

Mjomba Moidu akasema alhamdulillahi, na sisi tuliokuwa mlangoni tukaitikia sote.