Sampuli Zilizozidi

Kosa lenyewe lilikuwa na adabu, kama makosa ya kompyuta yalivyo: mstari mmoja mwekundu, kwamba ukubwa wa bafa haulingani. Mwenye kompyuta, mwanamke aitwaye Sikujua, aliusoma akiwa amesimama na kikombe cha chai. Akaketi, akausoma tena. Programu yake ya redio ilikuwa imeomba sampuli kadhaa za mawimbi. Ilikuwa imeletewa zaidi.

Hapo ndipo palipokuwa na walakini. Bafa ni ndoo tu: kidude cha redio kilichochomekwa kwenye kompyuta kinamimina mawimbi ya angani, ndoo inakinga, programu inakuja kuchota. Kompyuta ikizubaa, sampuli zinamwagika na ndoo inapungua. Huo ndio ugonjwa wa kila siku, na Sikujua, aliyefundisha maabara ya redio katika chuo kimoja huko ughaibuni, Annandale, alikuwa ameutibu kwa wanafunzi mpaka akachoka. Ndoo yenye maji mengi kuliko yaliyotoka bombani hakuwahi kuiona.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na theluji ilikuwa imezika magari. Ndani walikuwa yeye na mwanawe Anitha, wa darasa la pili, aliyekuwa chumbani akichora.

"Anitha!"

"What?"

"Siyo 'what'. Ukiitwa na mama unaitikaje?"

"I'm drawing!"

Sikujua akasonya. Mtoto alielewa kila neno la Kiswahili, hasa umbea, ila kulitamka hata moja hakutaka. Bibi yake wa Tanga alishalalamika kwenye simu kwamba mjukuu hana adabu, haitiki "abee" kama watoto wa watu. Sikujua alipenda kusema hajali watu wanasema nini. Alijali.

Alimpigia Kipngetich, mwenzake wa kazi, aliyekaa Rockville.

"Ongeza buffer, Siku. Double hiyo kitu."

"Zimezidi, Kip. Hazijapungua."

"Zimezidi aje? Redio haiwezi kukupea kitu haijashika. Wee double tu, uone."

Akaizidisha mara mbili. Kosa lilitulia kwa muda wa kupuliza chai, kisha likarudi: ndoo kubwa nayo ilikuwa imefurika. Akazidisha tena. Ikafurika upesi zaidi, kana kwamba kitu kilichokuwa kimejikunja kimefurahi kupewa nafasi ya kunyoosha miguu. Hapo akasikia harufu ya udi, nzito, ya harusini, katika nyumba isiyo na chetezo.

"Kuna waya unaungua," alisema, maana mtu hasomi mpaka shahada ya pili ili aseme vingine.

"Hizo za ziada, zitenge," Kipngetich akamwambia. "Uziskie kwa speaker."

Akazitenga. Kwanza zilikuwa pumzi. Kisha mtu akakohoa kidogo, kama anayesafisha koo kabla ya kuita, na sauti ikatoka kwenye spika, tamu, imevutwa mwishoni: "Anithaaa."

Ilikuwa sauti ya Sikujua mwenyewe.

"Ni wewe umeita?" Kipngetich alinong'ona.

"Sijafungua mdomo."

"Basi kuna mic mahali."

"Hiki hakina maikrofoni. Kinasikia anga tu."

"Toa antenna. Siku, toa hiyo kitu yote!"

Alichomoa antena, sauti ikaendelea. Akachomoa kidude chenyewe, kikamkaa kiganjani kikiwa baridi kama kipande cha barafu, na programu ikazidi kupokea kutoka kwenye tundu tupu, ikichapa herufi O, alama yake ya kufurika, O nyingine, O nyingine, safu ya midomo iliyo wazi ikishuka kioo kizima.

"Hii si ya engineer," Kipngetich akasema polepole. "Tafuta yule mwalimu wenu wa Oxon Hill."

Mwalimu Fahmi alikuwa Mpemba aliyeendesha gari la kupeleka wazee kliniki na kufundisha madrasa siku za mapumziko. Sikujua alizoea kuzicheka dua zake za kwenye video. Leo alimpigia bila haya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona wanong'ona?"

Akaisogeza simu kwenye spika. Fahmi akaisikiliza ikiita.

"Tanga hawakukufunza? Ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Yuaita nani huyo?"

"Mwanangu."

"Keshaitika?"

"Anajibu 'what'. Hasemi Kiswahili."

"Alhamdulillahi. Huko si kuitika. Muache na 'what' yake, ndiyo kinga yake leo. Nenda kamshike. Na wewe usimwite, hata mara moja, maana hatajua yupi ni yupi."

"Njoo, Mwalimu. Nakuomba."

"Nije na barabara ipi, mwanangu? Nakusomea hapa hapa. Nenda."

Sikujua akainuka, na nyuma yake spika ikaita, "Anitha!", na kutoka chumbani ikaja ile "What?" iliyomkera mwaka mzima, na leo alitaka kuibusu, lakini kabla hajafika ukumbini sauti yake mwenyewe ikampita, ikiwa na subira aliyokuwa hana yeye, ikisema, "Siyo 'what'. Ukiitwa na mama unaitikaje?", na akataka kupiga kelele kwamba usiitike, mwanangu, nyamaza, lakini angepiga kelele kwa sauti gani, wakati sauti ilishachukuliwa na kutumiwa vizuri kuliko alivyoitumia, basi akakimbia huku mdomo wake uko wazi na mtupu, mkono ukafika kwenye kitasa, na ng'ambo ya mlango mtoto, kwa kuchoka, au kwa kutaka siku moja tu mama afurahi, akasema:

"Abee, mama."

Udi ukakatika. Spika zikanyamaza.

Anitha alikuwa zuliani kati ya kalamu zake za rangi, miguu ameikunja upande mmoja kama mwanamke mtu mzima mkekani.

"Abee, mama," akarudia, kwa Kiswahili laini cha Pwani ambacho hakufunzwa na mtu. "Mbona wanitazama hivyo? Si nimeitika?"

Sikujua akageuka. Mezani, kwenye kioo, mstari mwekundu ulikuwa umefutika. Ukubwa wa bafa ulikuwa umelingana. Na spika zikakwaruza.

"Mom?" Sauti ndogo, ya mbali. "I said it. Did you hear me? Mom?"

"Usimwitike!" Fahmi alikuwa akipaza sauti kwenye simu. "Sikujua, usimwitike usiyemwona!"

"Mom, where are you?"

Yule wa zuliani akainamisha kichwa, akasikiliza naye, akingoja kuona kama mama amelelewa vizuri.