Shingo Iliyochunwa

Duka la fotokopi lililo mkabala na chuo cha udaktari lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, kwa sababu mashine moja kati ya mbili ilikuwa imekula karatasi ikagoma. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya wino ulioungua. Katikati ya foleni alisimama msichana wa mwaka wa kwanza, sketi ya kijani, blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kitambaa chepesi cha maua kimezungushwa shingoni. Alikumbatia atlasi nene ya mwili wa binadamu kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Wenzake darasani walimwita Kinyaa. Siku ya kwanza katika chumba cha maiti aliwatapikia wawili, mwalimu na mhudumu, na tangu hapo hata picha za kitabuni zilimchafua moyo.

Mtu akamsukuma kutoka nyuma. Atlasi ikamponyoka, ikaanguka na kufunguka pabaya kuliko pote: uso wa mtu uliotolewa ngozi, macho yametumbuka, meno wazi mpaka magego.

Kijana mrefu aliyekuwa nyuma yake ndiyo kwanza alikuwa ameuma mkate. Akaacha kutafuna. Akautazama ule uso, akautazama mkate, kisha akatema kwenye leso.

"Dada, ungetuonya basi."

"Samahani, kaka. Hata mimi kila nikikifungua nafumba jicho moja."

"Sasa unasomaje?"

"Kwa hilo lingine."

Kijana akacheka hadi watu wakageuka. Aliinama akaokota kitabu, akaukodolea macho ukurasa ule akiwa amekunja pua. "Msuli huu wa shavu wameukosea. Mtu akitabasamu hauvutiki hivi."

"Wewe ni daktari?"

"Mchoraji. Chuo chenu kimenipa kazi ya kuchora atlasi mpya, maelezo yote kwa Kiswahili. Nina miezi minane nahangaika nayo."

"Kwa hiyo ndiye wewe utakayetutapisha mwakani!"

"Nitajitahidi," alijibu, na kabla mashine haijapona walikuwa wamepeana namba za simu.

Mchoraji ndiye aliyemfundisha kusoma atlasi kwa mkono. Kila Jumamosi asubuhi walikaa maktaba, meza ya dirishani, wakiweka karatasi laini juu ya picha na kuifuatisha kwa penseli: ateri nyekundu, vena buluu, neva njano. "Ukitazama tu, utatapika," alimwambia. "Ukichora, mkono una kazi, tumbo linasahau." Tumbo halikusahau sana. Kurasa za utumbo, ulivyojikunjakunja, mweupe wenye utelezi, zilimfanya ameze mate mara kumi kwa mstari mmoja. Lakini alichora. Na mitihani midogo, aliyokuwa akianguka kama mzigo, akaanza kuifaulu.

Simu nazo zikaanza kuwa ndefu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nilikuwa nakula, nikafika kwenye ini."

"Funga kitabu."

"Nikikifunga, mtihani utanifunga mimi."

"Basi nitajie mirija ya nyongo, nikuimbie."

"Ukiimba ndiyo nitatapika kabisa!"

Kitambaa cha shingoni hakikuwa urembo. Alipokuwa mdogo alimwagikiwa na uji wa moto, ukamwachia kovu chini ya sikio la kushoto, lenye umbo la harage, limekunjamana na kung'aa. Alikua akiwasikia watu wakisema "aka!" walipoliona. Hakuna mwanamume aliyewahi kuonyeshwa. Mchoraji alionyeshwa siku moja mchana, kwenye benchi nyuma ya maktaba. Hakusema "aka." Alilitazama sana, akaligusa kwa kidole kimoja, akasema, "Ni lako. Basi ni zuri." Msichana alirudi nyumbani kitambaa kikiwa mkobani.

Jumapili moja adhuhuri mchoraji alimkaribisha chumbani kwake aone michoro iliyokamilika. Chumba kilinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi, kuta zimejaa figo na mapafu. Mchoraji akatoka kununua soda. Msichana akawa anafunua karatasi moja moja mezani, mkono wa kulia, goti, kisha shingo, upande wa kushoto.

Ngozi ilikuwa imepasuliwa kutoka kidevuni, ikavutwa nyuma na kushikizwa kwa kulabu. Chini yake misuli ilikuwa mibichi, yenye majimaji, mshipa mkubwa umevimba kama mnyoo ulioshiba damu. Na kwenye ile ngozi iliyokunjuliwa, chini ya sikio, palikuwa na kovu lenye umbo la harage. Kila kunjo lilikuwepo.

Alikimbilia sinki la kuoshea brashi. Mchoraji alipoingia na soda mbili alimkuta ameinama, anafuta mdomo.

"Huyu ni nani?"

"Ni shingo tu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Nauliza, huyu nani?"

Akaziweka soda mezani. "Ni wewe. Lakini ni mchoro tu, hata jina hakuna..."

"Umenichuna ngozi! Nilikufungulia shingo yangu nikidhani nina mtu, kumbe ulikuwa unapima pa kukata?"

"Sikiliza. Huu ndio ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora."

Laiti angekaa kimya. Msichana alichukua mkoba, akafunga kitambaa chake shingoni kwa mafundo mawili, akatoka. Njia nzima alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alioga mara tatu siku hiyo.

Wiki mbili simu iliita bila kupokewa. Atlasi ikatupwa chini ya kitanda. Kila alipoigusa, kichefuchefu kilimpanda, na mara hii hakikutokana na maiti. Mwisho dada yake, mshonaji aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alichoshwa na mlio. Akaisimamisha cherehani, akaiweka simu kwenye spika.

"Nilitaka kukuita shemeji, lakini wewe ni mchuna watu. Sema."

"Shikamoo, dada. Naomba kuongea naye."

"Marahaba. Utaongea na mimi. Si chuo kina maiti? Kwa nini usichore hao?"

"Naogopa, dada. Nilipewa ruhusa ya kuingia. Nilifika mlangoni, ile harufu ikanipiga, nikarudi nyumbani. Miezi yote hii nanakili vitabu vya wengine. Shingo ikanishinda. Nikachora ya kwake, kwa sababu ndiyo pekee niliyoijua kwa karibu."

"Ukamkimbia mfu, ukaja kumchuna aliye hai."

"Ndiyo."

"Na hukumuuliza."

"Sikumuuliza. Nilijua atakataa."

Msichana, aliyekuwa akitoa pini kwenye pindo la gauni, alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Kesho saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha maiti. Uje na penseli."

"Mchoro ule nimeshauchana."

"Umeuchana bila kuniuliza, kama ulivyouchora bila kuniuliza," alisema, akakata.

Mchoraji alikuja, shati jeupe, uso umepauka. Ndani, ile dawa ya kuhifadhia maiti ilichoma macho na kukaa ulimini kama mafuta mabovu. Juu ya meza alilala mzee aliyekuwa ameandika mwenyewe, enzi za uhai wake, kwamba mwili wake upewe chuo. Msichana akaishika ngozi ya shingo kwa koleo dogo, akaifunua polepole. Chini kulikuwa na mafuta ya manjano, yaliyogandamana vipandevipande, yanang'ang'ania koleo.

Ndoo alikuwa ameshaishika kwa mkono wa pili. Mchoraji alitapika humo hadi machozi yakamtoka. Msichana akamsugua mgongo.

"Vuta pumzi kwa mdomo. Haya, kaa. Chora."

Alichora kwa muda wa saa tatu, akitapika mara mbili tena. Mistari haikuwa mizuri kama ile ya kwanza. Lakini ilikuwa shingo ya mtu aliyekubali.

Baadaye walikaa nje, kwenye ngazi, karibu na bomba la maji.

"Nisamehe."

"Ungeniuliza, ningekataa. Ungenipenda na jibu hilo?"

"Ningekupenda."

"Basi ungesubiri jibu hilo."

Mchoraji aliinamisha kichwa. Shati lilikuwa na madoa, mdomo ulinuka, na kwenye mkono wa shati kulikuwa na kitu cha manjano ambacho wote wawili walijitahidi kutokitazama.

"Nataka kukuoa," alisema. "Utakubali?"

"Unaniposa ukiwa hivyo?"

"Nauliza. Ukikataa, nitarudi hapa kesho kuchora mgongo wa yule mzee, na nitaendelea kukupenda hivyohivyo."

Msichana alimtazama kuanzia nywele hadi viatu. Kinyaa kilikuwepo, wala hakikujificha. Alimshika mkono, ule wenye uchafu.

"Nenda kapige mswaki. Kisha njoo nyumbani uulize tena, dada akisikia."

Mchoraji alipokwisha kuondoka, msichana alitoa simu mkobani.

"Dada, jioni tuna mgeni. Fungua madirisha yote."