Kiwanja cha Kuanikia Omena

Kila asubuhi Gesare hununua omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa Sori. Huianika kwenye kiwanja cha familia, kando ya ziwa, kisha huiuza sokoni. Mumewe alifariki, na omena ndiyo inayolisha watoto wake.

Siku moja alifika na karai kichwani, akakuta kiwanja kimezungushiwa seng'enge. Shemeji yake, Austine, alikuwa amesimama ndani, uso umekunjamana.

"Shemeji, sasa nitaanika wapi?"

"Anika kwenu Kegonga!"

Maneno hayo yalimchoma. Viwanja vingine vina wenyewe, kwa hivyo omena yote ilioza.

"Naenda korti Migori," alimwambia jirani yake Achieng, ambaye amefunzwa kazi ya upatanishi.

"Hiyo ni haki yako," Achieng alisema. "Lakini kesi inaweza kukawia, na wewe unataka kuanika sasa. Jaribu upatanishi kwanza."

"Wewe ndiye utaamua?"

"Hapana, dada. Mmoja anaongea, mwingine anasikiza. Mkielewana, tunaandika, mnatia sahihi. Msipoelewana, korti bado iko. Lakini kama angekupiga, ningekupeleka polisi."

Gesare alikubali. Achieng akamwita Austine, naye akaja shingo upande. Wakaketi nyumbani kwa Achieng.

"Niliona mtu akipima kiwanja kwa kamba," alifoka. "Akapiga vigingi! Huyu anauza kiwanja cha ndugu yangu arudi kwao!"

Gesare aliruka. Achieng akainua mkono. "Ngoja amalize. Zamu yako inakuja."

Ilipofika, Gesare alicheka huku machozi yakimtoka. "Yawa, shemeji! Yule ni fundi. Anataka kunijengea chanja, omena ikauke juu, isiguse mchanga. Niuze niende wapi? Ndugu yako amezikwa hapa."

Austine aliona haya. "Si ungeniambia?"

"Na wewe si ungeuliza?"

Achieng akauliza kila mmoja anataka nini. Gesare alitaka seng'enge itolewe na aanike bila kusumbuliwa. Austine alitaka watu waambiane kabla ya kujenga chochote pale. Wakaandika, wakatia sahihi.

Austine aling'oa seng'enge kwa mikono yake. Chanja ilijengwa. Omena ya Gesare ikatoka safi, wateja wakaigombania.

Baada ya muda Austine alibisha mlangoni kwa Gesare.

"Shemeji, sijajenga bado, nimekuja kukuambia kwanza. Mke wangu pia anataka chanja. Unaona tuiweke upande gani?"