Anayeitika Jina

Saa sita mchana, Mtoni.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Bastola ya Mwishehe ilikuwa mezani, jirani na chapati. Enzi zake aliiba makontena ya bandarini, yale ya chuma. Leo alikuwa akielezwa makontena yasiyoshikika, na hakuyapenda hata kidogo.

Asifiwe, fundi wa kompyuta katika kampuni ya kubeti, alimweleza polepole. Kila programu imefungiwa kwenye kontena lake. Makontena hayo yanahamahama, kwa hiyo hayatafutani kwa anwani, yanaitana majina. Programu ya matokeo ikitaka washindi walipwe, inamwita "mlipaji". Wao watapandikiza mlipaji wao, fedha ziende kwao.

"Na akiitwa?"

"Anayeitika ndiye mwenyewe, mzee. Haulizwi sura."

Mwishehe alicheka. Akamtania kwamba na yeye ni hivyo hivyo, ukimwita tu anaitika "Abee" kama mtoto wa shule.

Kikwazo kilikuwa proksi, lango ambalo mawasiliano yote hupitia na kurekodiwa. Ila jina likisamehewa lango, linapita ndani kwa ndani, kimya. Kulisamehe ilikuwa kazi ya Talha, mchumba wa Asifiwe. Alisema keshamaliza.

Saa tisa.

Talha alitoka kununua sigara. Talha havuti.

Asifiwe akafungua mipangilio ya lango. Jina la mlipaji halikuwamo kwenye yaliyosamehewa. Majaribio yao yote tangu asubuhi yalipita langoni, yakarekodiwa. Na Talha si wa kusahau, kwani ndiye aliyemfundisha jambo hilo.

Iliuma. Akisema, Talha atarudi kupigwa risasi. Akinyamaza, jela. Na bado alimpenda, mjinga wa watu.

"Vipi, binti? Mbona umenyamaza?"

"Iko sawa, mzee."

Mwishehe alimtazama sana. Kisha akamgeukia Albano, mlinzi wa mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akasogeza kiti karibu na meza.

Mlango ukagongwa.

"Nani?" Albano aliuliza.

"Talha."

Sauti ilikuwa nzito kuliko ya Talha. Asifiwe alilijua hilo, akafumba mdomo. Albano akavuta komeo, maana jina lilikuwa lenyewe.

Polisi waliingia Mwishehe hajaigusa bastola. Wakamlaza chini, na Albano pia. Lakini mkubwa wao alimtaka kinara, na jina la kinara alikuwa kapewa na mtu aliyeahidiwa kuachiwa.

"Asifiwe!" akaita.

Ulimi ulitangulia akili.

"Abee."