Kifuniko cha Korongo

Kila Jumamosi asubuhi Graciella alifagia ua wa nyumba yao kule Ruashi, mtaa wa pembeni mwa mji, akanyunyiza maji kutuliza vumbi jekundu la malori ya mgodini, kisha akasugua meza ya samaki ya mama yake kwa majivu na brashi. Mama Émerance hakuvumilia utelezi kwenye meza yake. Alipitisha kidole juu ya mbao, akakinusa, na asiporidhika Graciella alianza upya.

Samaki wenyewe walitoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Mjomba Kabwe, kaka yake Mama, aliwanunua kwa wavuvi, akawapanga kwenye sanduku pamoja na barafu, akalipakia katika lori la Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyeendesha lori lake mwenyewe. Muhindo alikuwa na utaratibu wake. Akikaribia mji, alimpigia simu kila mwenye mzigo ili amkute tayari kwenye maegesho na mkokoteni. Asiyepokea simu, sanduku lake liliteremshwa hapohapo na lori likaendelea na safari. Barafu haimngoji mtu, alizoea kusema, na yeye pia hangoji.

Basi riziki ya nyumba nzima ilitegemea simu. Na simu yenyewe, jamani, ilikuwa ya Papa Damien.

Papa Damien, baba yake Graciella, alikuwa fundi cherehani, mtu wa suruali iliyonyooka na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Simu alijua aina moja tu duniani: Korongo, ile yenye ndege wa miguu mirefu mgongoni. Alinunua ya kwanza, akanunua ya pili, akanunua ya tatu. Kila Korongo mpya ilikuja na waya wa kuchajia usioingia kwenye ya zamani, naye alinunua waya. Watengenezaji wakaacha kutia chaja kwenye boksi, akasema wanatunza mazingira. Simu ikaanza kuzima yenyewe mchana kweupe, akasema imechoka, na nani asiyechoka? Mtu akiisema vibaya, Papa alinuna mpaka jioni. "Siye ni bantu ba Korongo, watu wake," alisema, na hapo mjadala ulikwisha.

Mwaka huu betri ikavimba. Ilivimba kwelikweli, tumbo likasukuma kioo mpaka pembeni pakawa na ufa wa kuingiza ukucha, na mle ndani mkatoka harufu tamu ya dawa inayokwama kooni. Mtu mwenye akili zake angeiweka mbali na watoto siku hiyohiyo. Papa Damien aliivalisha kifuniko kinene cha mpira, akaizungushia ukanda aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, akaendelea kuitia mfukoni. Mimi ninayewasimulia nilipoiona nilitaka kutema mate. Lakini ungemwambia nini? Sikio la kufa halisikii dawa.

Tena Mama alikuwa na simu yake ndogo ya vibonyezo, iliyokaa na chaji siku nyingi. Papa aliona aibu, mke wa mtu wa Korongo kushika kitu kama kile mbele ya wateja. Laini ya Mama ikahamishiwa kwenye Korongo, na simu ndogo ikafungiwa kabatini.

Graciella naye aliambukizwa. Alichora ndege wa miguu mirefu kwenye kila daftari lake. Jirani yao Kunda, aliyesoma na Graciella darasa moja, mama yake alitumia simu isiyo na jina iliyonunuliwa barabarani, na Graciella aliibatiza sabuni. Alilitamka jina hilo hata mbele ya Kunda.

Jumamosi moja, Papa aliiacha Korongo kwenye dirisha ili simu ya Muhindo isikike, naye akaenda chumbani kushona. Mama alimwambia Graciella atege sikio. Graciella alifagia, akasugua meza, akapita mbele ya dirisha mara nyingi. Kioo kilikuwa cheusi, naye alidhani simu imelala tu, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo ilionyesha chaji nusu. Jua lilipanda. Mama alisimama langoni akisema Muhindo leo amechelewa, akarudi ndani, akatoka tena.

Aliyeleta habari ni Kunda. Alikuja mbio, akamsalimu Mama kwanza kwa heshima, ndipo akasema sanduku lao liko maegesho tangu asubuhi, limewekwa juani, na mbwa wameanza kulizunguka. Muhindo alikuwa amepiga simu mpaka akachoka, akaondoka. Mama aliinyakua Korongo dirishani, akabonyeza, akabonyeza tena. Imekufa.

Walilisukuma sanduku hadi nyumbani kwa mkokoteni, na watu njiani waligeuza nyuso. Mama alipofungua mfuniko, harufu iliwapiga. Barafu ilikuwa maji ya rangi ya chai, na ndani yake wale makobo, samaki wapana wanaopendwa sana mjini, walielea matumbo juu. Macho yalikuwa yamezama, mashavu yamekuwa ya kahawia, na matumbo yamevimba. Nzi wa kijani walishuka kama walioalikwa. Graciella alishika mdomo akakimbilia nyuma ya nyumba.

Papa Damien alitoka, akaangalia sanduku, akaangalia simu. Alivaa shati lake la kutokea akaenda mjini, kwenye duka la Korongo, ili wamweleze. Mama alifunika sanduku. Alitaka kwenda kwa kina Kunda kuomba simu ampigie Mjomba Kabwe, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa wiki nzima na hapakuwa na mwingine. Alimwonya Graciella asiguse kitu. Akirudi watachimba shimo.

Graciella alibaki na lile sanduku. Alijua maana yake: wiki nzima meza tupu, mama yake amekaa mikono mapajani. Alitaka kusaidia, na hilo lazima tumhesabie. Lakini alishaona sokoni jinsi wauzaji wengine wanavyofanya. Samaki akianza kuharibika unamtoa mashavu, maana mnunuzi hutazama hapo kwanza. Unamwosha kwa limau na chumvi. Kisha unamtia moshi mpaka awe kahawia, unampaka pilipili, na pua ya mtu haijui tena kitu.

Mama alikawia kwa kina Kunda akimtafuta Kabwe hewani, naye Graciella akachagua wale walioonekana afadhali. Alipopasua tumbo la kwanza, kilichotoka sitakisema hapa, msije mkashindwa kula bukari, ugali wetu, leo. Alifumba macho nusu, akaosha, akapaka, akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akawatandaza juu ya wavu. Moshi ulipopanda, harufu ilipungua kweli. Alipowapanga mezani walikuwa wazuri, wanang'aa kwa mafuta.

Ndipo akafika Mama Mado.

Mama Mado aliwapikia wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, sufuria kubwa kila siku, na alinunua kwa Mama Émerance tangu meza ile ilipowekwa. Kwa wauzaji wengine alinusa, alibonyeza, alifungua mashavu, na aligombana. Kwa Émerance alinyoosha kikapu tu huku akipiga gumzo. Graciella alimwambia leo wako wa moshi tu.

"Unichagulie tu, mutoto," alisema Mama Mado, akitazama barabarani kama kuna gari. "Miye kwenu sinusake."

Graciella alitia samaki mmoja kikapuni. Akatia wa pili. Aliwaza sufuria ile kubwa ya Kasapa na wale kaka na dada waliopanga mstari na sahani zao. Hata hivyo mkono ukaenda kumshika wa tatu.

Mama Émerance aliingia langoni wakati huohuo. Aliona meza, akaona mbabula, akaona kikapu. Hakupaza sauti. Alimtoa samaki mmoja kikapuni, akamvunja mgongo kwa mikono miwili, akamsogeza karibu na uso wa mteja wake.

"Nusa," alisema.

Mama Mado alinusa, akarudi nyuma, akatema mate chini. Kisha akasema polepole, "Bana ba bantu, wale wanafunzi wangu, njo ningewapa hii?" Alimwaga samaki waliobaki kikapuni, wakaanguka vumbini, akaondoka. Mama alimwita. Hakugeuka.

Graciella alilia, na Mama alimwacha alie.

Walikuwa bado wamesimama hivyo Papa Damien aliporudi, amechangamka kidogo. Mkononi alikuwa na Korongo yake, na juu yake kifuniko kipya cha rangi ya dhahabu chenye ndege aliyechorwa vizuri. Alieleza kwamba kijana wa dukani aliishika simu kwa vidole viwili, akasema betri imegandishwa ndani, haitoki wala haibadilishwi. Akamuuliza kama hajawahi kutumia chaja ya kampuni nyingine, maana kosa lazima liwe lake. Akamwonyesha Korongo mpya ukutani. Na kwa kuwa yeye ni mteja wao wa siku nyingi, wakampunguzia bei ya kifuniko.

"Na weye ukasema nini?" Mama aliuliza.

Papa alijibu kwamba alisema asante.

Mama Émerance alikaa kwenye ukingo wa meza. Mikono yake bado ilinuka.

"Papa Graciella, umewapenda miaka yote hii. Umewanunulia waya, umewatetea, umegombana na watu kwa ajili yao. Leo umewapelekea kitu kilichooza, nao wamekifunika wakakurudishia, na umelipa. Na mutoto wako hapa nyumbani, muda huohuo, alikuwa anafunika samaki aliyeoza ampe Mama Mado, mtu asiyetunusa. Amejifunza wapi? Niambie, amejifunza wapi?"

Papa alitazama samaki waliolala vumbini, nzi wameshawarudia. Akatazama kitu cha dhahabu mkononi mwake. Taratibu akavua kifuniko kipya, akavua na ule ukanda wa tyubu, na kioo kikainuka chenyewe kwa sauti ndogo. Tumbo la betri lilikuwa limejaa kama tumbo la makobo. Ile harufu tamu ikatoka, na kwa mara ya kwanza Papa Damien aliisikia kama sisi wengine tulivyoisikia. Alikunja uso, akaishika kwa vidole viwili, akaenda kuiweka kwenye mkebe wa mchanga mbali na nyumba, maana betri iliyovimba inaweza kuwaka moto, na akawaambia watoto wa jirani wasiusogelee mkebe ule.

Kisha alichukua jembe, na shati lake la kutokea mwilini, akachimba shimo nyuma ya choo. Graciella ndiye aliyebeba samaki, wote, kwa mikono yake, akawafunika kwa majivu na udongo. Hakuna aliyemwambia abebe.

Jioni hiyo Mama alimpeleka kwa Mama Mado. Graciella alipiga magoti, akasema yeye ndiye aliyewatia moshi, mama yake hakujua. Mama Mado alimsikiliza akiendelea kuchambua matembele. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na wakaondoka. Njiani Graciella alipita kwa kina Kunda pia, akamwomba radhi kwa ajili ya lile jina la sabuni. Kunda alicheka. Alisema hiyo sabuni ndiyo iliyompata Mjomba Kabwe.

Kabwe alikuwa amekubali kutuma mzigo mwingine, walipe wakishauza. Wiki ile walikula matembele bila samaki, na Papa alishona mpaka vidole vikamuuma. Ukutani kando ya barabara palibandikwa picha mpya ya Korongo, kubwa kuliko nyumba. Papa alisimama mbele yake siku moja, mikono nyuma. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alinung'unika, akaenda zake. Ila aligeuka kuitazama mara moja. Mazoea yana taabu.

Jumamosi iliyofuata simu ndogo ya vibonyezo, iliyotolewa kabatini na kurudishiwa laini ya Mama, iliita mapema. Walikuwa maegesho kabla ya Muhindo kuzima injini, na barafu ilikuwa bado ina pembe. Meza ilipopangwa, watu walinunua. Mama Émerance alihudumia, lakini jicho lake lilikuwa barabarani.

Mama Mado alikuja jua likiwa juu. Hakunyoosha kikapu. Alikiweka chini, akamchukua samaki wa kwanza, akamnusa. Akabonyeza. Akafungua mashavu. Akamweka kando, akamchukua wa pili, akafanya vilevile. Wateja wengine walitazama, na Graciella alitamani ardhi immeze. Mama yeye aliingia ndani, akatoka na kiti, akamwekea Mama Mado akae anuse vizuri.

Graciella akaelewa kilichobaki kufanywa. Alisogea, akaanza kumfungulia mashavu samaki mmoja baada ya mwingine, mekundu, akimsogezea.

"Jumamosi ijayo nitanusa tena," Mama Mado alisema alipomaliza, kikapu kimejaa.

"Unuse," alijibu Mama Émerance. "Na Jumamosi ile nyingine pia." Kisha akamgeukia binti yake. "Umeona, Graciella? Mtu akikuletea kikapu bila kunusa, amekupa pua yake uitunze. Ukimdanganya mara moja, anaichukua pua yake anakwenda nayo. Na weye usimpe pua yako mtu yeyote kwa sababu ya picha ya ndege mgongoni. Kila kitu unachonunua, kinuse."

Graciella aliitikia, na samaki walipokwisha akachukua brashi na majivu, akaanza kusugua meza. Alipomaliza alipitisha kidole juu ya mbao, akakinusa mwenyewe, akaanza upya.