Nililifua Shati la Makumbusho, Nikamtwisha Kosa Mzee Ramiro

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa kusini mwa London. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kazi yangu kubwa ni kukaa ndani. Msinicheke! Tangu goti liniachishe kazi ya kutunza wazee, mimi na sofa tumekuwa kitu kimoja. Vifurushi vya jengo zima huletwa kwangu. Watu wa posta wanajua, flati zote zinaweza kuwa tupu lakini Zuwena yupo.

Kumbe kukaa ndani hakumzuii mtu kufanya dhambi...

Ghorofa ya chini yangu anakaa Marisol, mwanamke wa Kolombia. Tulijuana siku lifti ilipoharibika, sote tumekaa kwenye ngazi tunahema. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, lakini tulielewana kuliko watu na waume zao. Yeye na wenzake wa Amerika ya Kusini walifungua makumbusho yao madogo juu ya duka la nyama: michoro, ngoma, magauni ya kuchezea, picha za watu wao waliofika hapa zamani kufagia maofisi. Aliponipeleka mara ya kwanza nilimtania, "Dada, hata fagio mmelitundika ukutani? Langu mimi nimeliacha nyuma ya mlango bure!" Alicheka mpaka akajishika ubavu.

Funguo alikuwa nazo mzee Ramiro, dereva wa basi mstaafu. Alifiwa na mkewe, na tangu hapo makumbusho ndiyo yakawa nyumbani kwake. Anafuta vioo, anakaa mlangoni na kikombe cha kahawa, anamkaribisha kila anayeingia.

Mwaka jana walitayarisha maonyesho ya vitu ambavyo watu walitoka navyo kwao. Paa likavuja! Marisol alikuwa kazini, akamwomba Ramiro aniletee kitu chake nikiweke. "Mpelekee Zuwena, hatoki yule." Mzee akaja na mfuko wa plastiki uliofungwa. Akaninyooshea kidole: "Senyora, usifungue. Usiguse. Marisol kasema."

Nikamjibu, "Nimesikia, baba."

Nilisikia, wasomaji. Naapa nilisikia!

Alipoondoka tu, nikafungua.

Hivi mtu aliyeshinda ndani kutwa atatulia na mfuko uliofungwa? Mlikuwa na shati jeupe la kiume, kola imegeuka kahawia kwa jasho. Nikaona haya kwa niaba ya mwenzangu. Kwetu nguo ya mtu hairudishwi hivyo, sembuse kwenda kutazamwa na watu! Nikaliroweka, nikaisugua kola, nikalitia buluu ling'are, nikalipiga pasi. Kisha nikatoa chetezo, nikalifukiza udi. Nikalikunja kama la bwana harusi. Nikajipongeza, mjinga mimi!

Marisol alipokuja nilimkabidhi huku natabasamu. Akalifungua. Akaipeleka kola puani... Akanusa tena. Akakaa sakafuni.

Lilikuwa shati la kaka yake. Alilivua asubuhi moja, akavaa jingine, akatoka, hajaonekana mpaka leo. Mama yao hakukubali lifuliwe. Miaka thelathini na kitu Marisol alikuwa akiufungua ule mfuko siku mojamoja, ananusa kola, anafunga. Kaburi hakuna. Kola ile ndiyo aliyokuwa akiizuru. Nami nimeitia udi!

Akaniuliza taratibu, "Ramiro hakukwambia usifungue?"

Hapo, wasomaji... Neno moja tu la kweli lingetosha. Nikasema, "Hakuniambia kitu. Alinipa akaondoka."

Kwa nini? Niliogopa kumpoteza rafiki wa pekee niliyekuwa naye.

Kamati ya makumbusho, Marisol akiwemo, ikamwita Ramiro. Akasema aliniambia. Wakamwona mzee msahaulifu anayejitetea, wakamnyang'anya funguo. Siku ya tatu akaja kugonga mlango wangu. "Senyora, nilikwambia. Kawaambie, tafadhali." Nilisimama nyuma ya mlango nimeziba mdomo kwa kanga. Mimi, ambaye jengo zima linajua sitoki, nikajifanya sipo! Alijua nipo. Alingoja kidogo, kisha nikazisikia hatua zake zikishuka ngazi.

Haukupita muda, nikasikia amehamia Hispania kwa binti yake.

Miezi miwili baadaye maonyesho yakafunguliwa, nikajikokota na goti langu. Shati limetundikwa, jeupe pee kwa mikono yangu. Chini yake kuna kadi: lilifuliwa kwa bahati mbaya, ujumbe haukufika. Marisol akanishika mkono, akawaambia wenzake, "Huyu ni rafiki yangu, msimlaumu." Nilitamani ardhi ipasuke! Nikasema palepale, "Ujumbe ulifika. Ramiro aliniambia. Mimi nilidanganya."

Hakupiga kelele. Alisema, "Shati ningekusamehe siku ileile, hukujua. Lakini umenifanya nimfukuze mtu mwema." Akauachia mkono wangu. Tangu hapo tukikutana kwenye lifti anatazama namba za ghorofa.

Nilimpigia Ramiro kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Umewaambia?" Nikasema ndiyo. "Na kadi?" Nikamwambia nimeiandika upya mwenyewe, na jina langu limo. Akasema asante, akakata. Kamati imemwomba arudi. Hajajibu.

Ndugu zangu, ukiharibu kitu cha mtu, sema siku ileile, hata kama sauti inakutetemeka. Usitafute wa kumtwisha! Mimi nilikosa kwa kutojua mchana mmoja, nikakosa kwa kujua miezi miwili. Hilo kosa la pili ndilo lisilonipa usingizi. Nawaombeni, msipite nilikopita.

Jumamosi hizi huwa nakwenda kufuta vile vioo. Hakuna aliyenituma, na Marisol bado hanisemeshi. Wageni wakisoma kadi huuliza huyo Zuwena ni nani.

Nainua mkono.